Fyuzi Iko Wapi? Hotuba kwa Vijana wa Ufundi wa Magari, Tanga

Ndugu mwenyekiti wa shughuli hii, wakufunzi, mafundi wenzangu wa Ngamiani na Chumbageni, wazazi wetu mliofika, na ninyi vijana ambao siku hii ni yenu: Assalamu alaykum, na kwa wote, habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie maendeleo ya teknolojia ya magari, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi miaka tisa katika gereji moja ya jimbo la Michigan nchini Marekani. Nawaomba radhi walioiandika barua hiyo, kwa sababu sitazungumzia maendeleo. Nitazungumzia gari moja la mwaka 1969 na kipande cha chuma kilichokatika. Kipande chenyewe ninacho hapa mezani, kimefungwa katika kanga ya mke wangu, na niliporudi nacho nyumbani afisa mmoja wa uwanja wa ndege alinihoji karibu nusu saa kabla ya kukubali kwamba mtu mzima anaweza kusafiri na chuma kibovu kwa mapenzi tu.

Kabla sijakipitisha mikononi mwenu, nataka tukumbuke jambo ambalo kila mtoto wa Tanga hulijua mapema, kwa kuwa mji wetu ni mji wa baiskeli. Mnyororo wa baiskeli ni nadra kukatika ukiwa katika mwendo, hata kama umechakaa. Hukatika pale mtu aliyefunga gunia la nazi nyuma anaposimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote ili aondoke. Gurudumu halijasogea bado, mzigo umekataa, mguu unashuka, na lazima kitu kimoja kati ya mguu na ardhi kikubali kushindwa. Baiskeli ikiwa juu ya mchanga, kinachoshindwa ni mchanga: tairi huteleza, mwenye baiskeli hutukana kidogo, na mnyororo husalimika. Ikiwa juu ya lami kavu, mnyororo ndio hulipa. Haya ninayokwenda kuyasema ni maelezo ya baiskeli hiyo, ila kwa vipimo vikubwa zaidi.

Magari ninayoyazungumzia Wamarekani huyaita magari ya misuli. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua gari la ukubwa wa kati na kulitia injini ya inchi za ujazo 389, yaani karibu lita 6.4, ikaliita GTO, na makampuni mengine yakafuata njia hiyo: bodi ya gari la familia, injini ya gari kubwa, na bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kuimudu. Vijana hao walikuwa na pa kwenda. Chama cha mbio za dragi, NHRA, kilikuwa kimeanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuwatoa watu barabarani na kuwapeleka katika njia maalumu, mahali penye waamuzi, gari la wagonjwa na uzio. Natamani neno hilo la mwisho liwafikie wale wanaoshindana usiku kwa pikipiki katika barabara zetu, lakini leo sikuja kwa ajili yao.

Mbio zenyewe ni fupi kiasi kwamba mgeni huuliza kama zimeanza. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani huwaka, na umbali ni robo maili iliyonyooka, mita 402, sawa na viwanja vinne vya mpira vikiungwa kwa urefu. Watazamaji hutazama mwisho wa njia, lakini fundi hutazama futi 60 za mwanzo, ambazo ni mita 18 na kidogo, kwa sababu kuchelewa kunakotokea pale hakurudishwi tena. Hukua tu kadiri gari linavyokwenda. Hapo ndipo penye tamaa yote, na hapo ndipo vyuma hukatika.

Gari letu, nikisema letu kwa ujeuri maana lilikuwa la mwenyeji wangu aliyenifundisha kazi, lilikuwa Chevrolet Chevelle, na karibu kila kitu ndani yake kilikuwa kile kilichotoka kiwandani. Injini ilikuwa ya inchi za ujazo 350, lita 5.7, yenye nguvu za farasi 300 na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa futi-pauni 380, ambao kwa vipimo vyetu ni nyutonimita 515. Gia boksi ilikuwa ya gia nne za mkono. Difu, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma zinazopeleka mzunguko kwenye magurudumu, ilikuwa ile inayoitwa ya bolti kumi kwa idadi ya bolti zinazoishika krauni, ile gia kubwa ya duara ndani yake, na kipenyo cha krauni hiyo kilikuwa inchi 8.2, kama milimita 208. Difu hiyo haikuwa mbovu, kwani ilitengenezwa kwa ajili ya baba anayepeleka watoto shule na mama anayerudi kutoka sokoni, na kazi hiyo iliifanya kwa miaka mingi bila kulalamika.

Naomba chaki, tufanye hesabu. Msokoto wa injini, 515, ukipita katika gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.52 unafika karibu 1,300 kwenye propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Hizo 1,300 zikipita katika krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, zenye uwiano wa 3.55 zinakuwa karibu 4,600. Gawanyeni kwa mbili, kila hafu shafti, yaani shafti inayotoka kwenye difu hadi gurudumu moja, inabeba 2,300. Hapa tumehesabu kana kwamba injini inasukuma kwa upole. Dereva wa mbio hasukumi kwa upole: anapandisha injini hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, kisha anaachia klachi ghafla, na uzito wote wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, unaozunguka unapiga kwa mara moja kama nyundo. Gari la otomatiki lina mafuta katikati ya injini na gia, na mafuta hayo hupunguza makali ya pigo. Gari la gia za mkono halina kitu hicho, kwa hiyo pigo linalofika nyuma ni zaidi ya hesabu yetu, na zaidi kwa kiasi kikubwa.

Sasa twende upande wa lami. Gari na dereva vilikaribia kilo 1,650. Gari likiondoka uzito huinamia nyuma, basi tuseme kilo 1,000 zimekaa juu ya matairi mawili ya nyuma, ambayo kutoka katikati ya gurudumu hadi chini ni sentimita 33. Tairi la kawaida la barabarani, juu ya lami kavu, hushika kwa nguvu isiyofika uzito uliolikalia. Tuseme asilimia 80 ya uzito huo. Ukizidisha yote hayo, na tena kwa 9.81 ili kilo ziwe nyutoni, unapata msokoto wa karibu 2,600 kwa matairi yote mawili. Tazameni ubao: injini inaleta 4,600, barabara inapokea 2,600. Kinachobaki kinageuka kuwa moshi na kelele. Tairi linazunguka papo hapo, watoto wanashangilia, dereva anaona aibu kwa sababu amepoteza muda, na hafu shafti haijaguswa. Tairi lile ni fyuzi, kama ile ya kwenye saketi ya taa: jambo likizidi, ndilo linaloachia kwanza, na ni rahisi kuliko vyote vilivyo nyuma yake.

Kosa lilikuwa langu, na nalieleza kama lilivyotokea. Tulikuwa tukimaliza robo maili kwa sekunde 15.2 na tairi la barabarani, na mimi ndiye niliyemshikilia mwenyeji wangu kwamba tununue matairi laini ya mashindano, yale yasiyo na kashata hata moja. Hapa kwetu trafiki akikukuta na tairi kipara anakuandikia faini. Kule tulilinunua kipara dukani, jipya, kwa bei ambayo siitaji mbele ya mke wangu. Tairi hilo likipashwa moto hunata kiasi kwamba mshiko wake hupita uzito uliolikalia. Weka moja na nusu mahali pa asilimia 80 kwenye ule mstari wa hesabu, na lami sasa iko tayari kupokea zaidi ya 4,800. Injini inaleta 4,600 na nyundo ya flaiwili juu yake. Tairi halitelezi tena. Nilikuwa nimeing’oa fyuzi nikaweka waya mnene, nikafurahi kwamba taa zinawaka.

Na kweli ziliwaka. Safari ya kwanza tulipata sekunde 14.6, ya pili pia, na ya tatu nikaanza kujiona mhandisi. Safari ya nne gari liliruka kama hatua mbili, nyuma ikadunda mara tatu au nne kwa haraka kama mtu anayetwanga kisamvu, kisha ukasikika mlio mmoja mkavu. Gurudumu la kulia likaanza kutoka nje ya bodi, pamoja na dramu yake na sehemu kubwa ya shafti, taratibu, kama jino la maziwa, na gari likakaa chini kwa ubavu. Mwenyeji wangu alizima injini, akavua helmeti, akanitazama. Hakusema neno hadi jioni.

Kwa nini gurudumu zima lilitoka? Ninyi mnaofungua Fuso mtanielewa upesi. Ekseli ya nyuma ya Fuso inabeba uzito wa gari juu ya hausingi, yaani ganda lake la nje, na hafu shafti kazi yake ni msokoto peke yake. Ndiyo maana ikikatika unafungua nati kwenye habu, unaivuta nje, na gurudumu linabaki mahali pake bila hata jeki. Shafti ya Chevelle inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na pia inalibeba. Kinachoizuia isitoke nje ni kibanio kidogo cha chuma chenye umbo la herufi C, kilichokaa kwenye ncha ya ndani kabisa, katikati ya difu. Shafti ikikatika upande wa nje wa kibanio, kibanio kinabaki kimekishika kipande kidogo cha ncha, na gurudumu halina tena cha kulizuia. Kanuni za NHRA zinalijua jambo hili: gari linalokwenda kwa sekunde 10.99 au pungufu halikubaliwi likiwa na shafti za kiwandani na vibanio hivyo peke yake; lazima liwe na shafti imara za kununua na kizuizi kingine upande wa gurudumu. Sisi wa sekunde 14 kanuni hiyo haikutuhusu. Chuma hakikuisoma kanuni.

Sasa nakifungua. Pokeeni, mkipitishe, lakini msiguse uso ule uliokatika, jasho la mkono linautia kutu. Mnaona kwamba uso huo una rangi mbili. Upande mmoja ni mweusi mweusi na laini, una mistari iliyopinda inayofuatana, kama ile ambayo maji huiacha juu ya mchanga wa Raskazone bahari inapokupwa. Upande wa pili ni wa kijivu, una chembechembe kama sukari guru. Sehemu ya kijivu ilikatika siku ile. Sehemu nyeusi ilikuwa imeanza kupasuka muda mrefu kabla, kidogo kidogo, ikaingiwa na oili, na kila mstari ni mahali ufa uliposimama ukapumzika kabla ya kuendelea. Maana yake ni kwamba matairi yangu hayakuikata shafti nzima, yaliimalizia. Fundi anayetupa kipande kilichokatika bila kukitazama uso amechoma barua bila kuisoma, na gereji zetu zinachoma barua nyingi sana.

Baada ya hapo ndipo tulipojifunza kuimarisha ekseli, na jambo la kwanza tulilolifanya halikuwa kwenye ekseli. Mnakumbuka nilisema nyuma ilidunda. Ekseli ya Chevelle imeshikwa na mikono minne yenye bushi za mpira, na zile zilikuwa na umri sawa na gari. Tairi likishika, pinioni inajaribu kupanda juu ya krauni na kuizungusha hausingi nzima kinyumenyume; bushi laini zinakubali, zinajikunja, kisha zinarudisha kwa nguvu, tairi linaachia, linashika tena, na kila linaposhika ni pigo jipya. Ndani ya nusu sekunde shafti imepigwa nyundo mara kadhaa. Tulibadilisha bushi zote, tukaiziba kwa bamba mikono ya chini iliyokuwa wazi upande mmoja, tukaweka shokapu mpya, na ndani ya springi ya kulia tukatia mfuko wa hewa, kwa sababu msokoto wa propela shafti hulinyanyua gurudumu la kulia na kulikandamiza la kushoto. Kazi hiyo ni rahisi, haina sifa, na hakuna mtu atakayekupongeza kwa bushi. Lakini naamini ilifanya zaidi ya chuma chochote tulichonunua baadaye.

Kisha ikaja difu yenyewe. Ile ya inchi 8.2 tuliiacha, kwa kuwa kuitilia fedha ni kushona suruali iliyooza: kila ukiziba hapa inafumuka pale. Tulipata kwenye yadi ya magari mabovu ekseli ya Chevelle ya mwaka 1972, ambayo ni ya bolti kumi vilevile na inaingia mahali palepale, lakini krauni yake ni ya inchi 8.5 na shingo ya pinioni ni nene zaidi. Wenye fedha huweka ile ya bolti kumi na mbili yenye krauni ya inchi 8.875, au ya Ford ya inchi 9, ambayo kichwa chake hutoka kwa mbele kama cha Hilux na pinioni yake imeshikwa na beringi ya ziada kwenye ncha. Hiyo ya Ford ni imara kweli, ila inakula nguvu kidogo zaidi, kwa kuwa pinioni yake imekaa chini sana na meno yanasuguana kwa kuteleza. Kwa gari la farasi 300 niliona ni kumchinjia kuku ng’ombe.

Kazi iliyotuchukua siku nyingi ni mirija. Mirija ya ekseli ya aina hii imesukumizwa kwa nguvu ndani ya kichwa cha chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu, na kushikwa kwa weldi chache ndogo, na ikipigwa sana inaweza kuzunguka ndani ya kichwa. Tuliamua kuichomelea mzunguko mzima. Chuma cha kusubu hakipendi haraka: tulikipasha moto kwanza, tukatumia vijiti vya nikeli, tukachomelea kipande cha urefu wa kidole upande mmoja, kisha kingine upande wa pili, tukasubiri, huku vishikio vya beringi vikiwa vimefungwa na nondo iliyonyooka ikiwa imepitishwa ndani kutoka ncha hadi ncha ili ituonyeshe kama kitu kinapinda. Tulipomaliza tulikifunika kwa mablanketi ya moto, kikapoa usiku kucha. Mtu atakayeimaliza kazi hii kwa saa moja, mwulizeni ekseli yake imepinda kiasi gani.

Ndani tuliweka shafti mpya za chuma cha aloi zenye meno 30 mahali pa 28, pamoja na gia za ndani ya difu zinazopokea meno hayo. Kifuniko cha nyuma cha bati tukakibadilisha kwa kile kinene cha aluminiamu chenye bolti mbili zinazovisukuma vishikio vya beringi, kwa sababu krauni na pinioni zikibeba mzigo hutaka kukimbiana, na zikiachana hata kidogo, meno hushikana kwa ncha badala ya tumbo. Ile bomba laini inayobonyezwa ili kuipa pinioni mkazo wake tuliitoa, tukaweka ngumu yenye washa za kupimia. Halafu ukaja ule usiku wa rangi ya njano. Unapaka rangi kwenye meno machache ya krauni, unazungusha kwa mkono huku mwenzako anaizuia kwa kipande cha mti, unatazama alama imekaa wapi kwenye jino. Nafasi kati ya meno tuliitaka iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25. Tulifunga, tukapaka, tukafungua, tukabadilisha washa, mara tano. Mara ya tano alama ilikaa katikati, na mwenyeji wangu akapika kahawa saa nane ya usiku.

Hatukukimbilia njiani. Krauni mpya huendeshwa taratibu dakika ishirini, inaachwa ipoe, tena na tena, na baada ya kilomita 800 hivi oili hubadilishwa. Shafti nazo, kabla ya kuziingiza, tulizichora kwa rangi nyekundu mstari mmoja ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Mstari ukianza kujizungusha kama mtambaazi juu ya mti, shafti imekubali kusokotwa na haitarudi.

Yapo mashindano ambayo nayapenda kuliko haya yetu, niliyoyaona Stanton, Michigan, ambako gari huja karibu kama lilivyouzwa na tairi la aina ile ile ya kiwandani. Kule fyuzi inaachwa mahali pake kwa kanuni, na kinachobaki kushindana ni mguu wa dereva: aachie klachi kiasi gani, lini, bila kuamsha moshi. Nimewahi kumwona mzee wa miaka zaidi ya sabini akiondoka kimya kabisa na kuwaacha vijana wawili katika vumbi lao.

Hapa nyumbani Chevelle hatuna, lakini uani kuna difu ya Fuso iliyofunguliwa jana. Gari lilijaa machungwa kutoka Muheza, likazama kwenye matope, na dereva akaachia klachi ghafla mara tatu. Kwenye matope shafti ilivumilia, kwa sababu matope yaliteleza. Ilikatika mara ya tatu, baada ya watu wema kumwekea mawe na mbao chini ya tairi.

Kabla hatujatoka kwenda kuitazama, kuna shafti ya pili ndani ya kanga. Ni ya kushoto, ya gari lile lile, siku ile ile. Hiyo haikukatika. Wekeni rula kando ya meno yake, mtaona kwamba kiwanda kiliyachonga yakiwa yamenyooka na sasa yamelala upande kama nyuzi za skrubu. Anayeweza kukisia ilikuwa imebakiwa na safari ngapi, aandike idadi yake ubaoni, tutaijadili tukirudi kutoka uani.